Booker T. Washington na Darsa za Usiku

Leo nataka kuandika juu ya mtu ambaye si wa kwetu wala hakupata kufika kwetu, lakini jina lake lilifika Afrika Mashariki kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mimi nililisikia skulini. Skuli niliyosoma ilikuwa ya wamisheni, na walimu wetu walipenda kutusimulia khabari zake kila walipotuona tunazembea masomo. Jina lenyewe ni Booker T. Washington, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mtumwa na akafa akiwa mkuu wa skuli kubwa inayojulikana dunia nzima.

Wanaomsimulia hutaja zaidi ukubwa alioufikia: hotuba zake, vitabu vyake, na chakula cha usiku alichokula na Rais wa Marekani. Mimi nataka kukaa zaidi juu ya jambo ambalo kwa kawaida hupitwa haraka, nalo ni darsa za usiku alizowasomesha vijana ambao skuli iliwapita au waliiacha njiani. Nalichagua hilo kwa sababu hapa Ghuba karibu kila ukoo wetu una kijana wa namna hiyo. Ameacha skuli darasa la tisa au la kumi, anaendesha gari ya kupelekea watu mizigo au anasimama dukani, na wazee wake wakiulizwa khabari zake hugeuza mazungumzo.

Booker alizaliwa mwaka 1856 katika shamba la Hale's Ford, jimbo la Virginia. Mama yake, Jane, alikuwa mpishi wa shamba. Baba yake alikuwa Mzungu ambaye mtoto hakupata kumjua. Nyumba yao ilikuwa kibanda kimoja, na kibanda hicho ndicho kilichokuwa jiko la shamba zima. Watoto walilala juu ya matambara kwenye sakafu ya udongo. Nguo yake ilikuwa shati la kitani kibovu, na shati kama hilo likiwa jipya huchoma mwili kama miiba. Kaka yake, John, alikuwa akilivaa yeye kwanza siku kadhaa mpaka lilainike, kisha ndiyo humpa mdogo wake. Naomba msomaji amweke akilini huyo John, maana atarudi tena.

Mara kadhaa Booker alitumwa kumbebea vitabu binti wa bwana wake mpaka mlango wa skuli. Alichungulia ndani akawaona watoto wamekaa wanasoma, akaona kuingia mule ni sawa na kuingia peponi. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa. Katika Virginia ya zama zile kumsomesha mtumwa kulikatazwa kwa sheria.

Najua kwamba kwetu neno utumwa si neno jepesi. Katika koo za pwani na visiwani wapo waliomiliki watu na wapo waliomilikiwa, na mara nyingi ni ukoo mmoja, damu moja. Hatuwezi kusoma maisha ya mtu huyu kama kwamba jambo hilo lilitokea Marekani peke yake. Tuyasome kwa adabu, na tuone yule aliyenyimwa kitabu alifanya nini alipokipata.

Uhuru ulipokuja mwaka 1865, mama yake aliwachukua watoto wakasafiri mpaka Malden, West Virginia, kumfuata baba yao wa kambo aliyekuwa akifanya kazi kwenye matanuri ya kupikia chumvi. Booker, bado mtoto mdogo, akaingizwa kazini pamoja na John. Mapipa ya chumvi ya baba yao wa kambo yalitiwa alama ya nambari 18. Kila jioni msimamizi alipita akiichora nambari hiyo, na mtoto akaitambua na kuiandika kabla hajaijua herufi hata moja. Mama yake, ambaye mwenyewe hakujua kusoma, akamtafutia kitabu cha herufi. Pale jirani hapakuwa na mtu mweusi wa kumsomesha, kwa hivyo alihangaika nacho peke yake mpaka akazijua nyingi katika herufi zake.

Baadaye skuli ikafunguliwa kwa ajili ya weusi. Baba wa kambo akaona mtoto anaingiza pesa, akakataa asiende. Booker akakubaliana na mwalimu amsomeshe usiku baada ya kazi, na yeye mwenyewe alisema maishani mwake kwamba usiku ule alijifunza mengi kuliko waliosoma mchana. Mwisho akaruhusiwa kwenda mchana kwa sharti: afanye kazi alfajiri mpaka saa tatu asubuhi, aende skuli, kisha arudi kazini si chini ya saa mbili jioni. Taabu ni kuwa skuli nayo ilifunguliwa saa tatu hiyo hiyo, na ilikuwa mbali. Basi mtoto akawa kila asubuhi anausogeza mshale wa saa ya kazini kutoka saa mbili na nusu mpaka saa tatu, ili atoke awahi. Msimamizi alipogundua kuna mkono unaochezea saa, akaifungia ndani ya kasha.

Hata hiyo skuli ya mchana haikudumu. Aliondolewa akapelekwa kwenye machimbo ya makaa ya mawe, mahali pa giza ambapo mtu akizimikiwa na taa hupotea njia. Akarudi tena kwenye masomo ya usiku, na safari nyingine alimpata mwalimu ambaye elimu yake haikumzidi mwanafunzi. Kwa hivyo mtu huyu tunayemwita msomi mkubwa alikuwa, kwa hesabu za leo, mtoto aliyeacha skuli. Sababu zake zilikuwa zile zile tunazozijua: umasikini, mzazi anayetaka mshahara wa mtoto, na saa za skuli zisizolingana na saa za kazi.

Humo machimboni ndimo alimosikia watu wawili wakizungumza juu ya skuli ya Hampton, Virginia, ambako mtu mweusi masikini angeweza kulipia chakula na malazi kwa kufanya kazi. Hakujua iko upande gani, lakini akaazimia kwenda. Kwanza alifanya kazi ya nyumbani kwa Bibi Viola Ruffner kwa dola 5 kwa mwezi. Bibi huyu alikuwa mkali wa usafi na hakupenda uongo, na wafanyakazi wengi walimkimbia. Booker alikaa, na bibi akampa ruhusa ya saa moja mchana wakati wa baridi aende kusoma.

Mwaka 1872, akiwa na umri wa miaka 16, alifunga safari ya Hampton, karibu maili 500, pahala kwa gari na pahala kwa miguu. Alipofika mji wa Richmond hakuwa na senti hata moja, akalala chini ya njia ya mbao wanayopita watu, na mchana akapakua meli apate cha kula. Aliingia Hampton akiwa na senti 50 mfukoni na nguo chafu. Mwalimu mkuu wa kike, Mary Mackie, alimtazama bila ya kumkubali wala kumkataa, kisha akampa ufagio akafagie chumba cha darasa. Alifagia mara 3 na kupangusa vumbi mara 4. Mwalimu alipopitisha kitambaa chake juu ya meza na kuta asipate hata chembe ya vumbi, akampokea, na akampa kazi ya usafi wa jengo ili alipie dakhalia.

Hapo Hampton alimkuta mkuu wake, Jenerali Samuel Armstrong, ambaye alimheshimu mpaka siku ya mwisho. Alimaliza mwaka 1875 akarudi Malden kusomesha. Siku yake ilianza saa mbili asubuhi na kumalizika saa nne usiku, kwa sababu alifungua darsa za usiku kwa wale waliokuwa kazini mchana, na waliokuja usiku walikuwa karibu sawa kwa wingi na wale wa mchana. Katika mshahara wake aliweka akiba kumpeleka John Hampton. Yule kaka aliyelilainisha shati ndiye aliyebaki machimboni kusaidia nyumba ili mdogo wake asome. Sasa zamu yake ilifika, na John akasoma, akamaliza, na baadaye akaja kuwa msaidizi mkubwa wa ndugu yake.

Mwaka 1879 Jenerali Armstrong alimwita Hampton. Alikuwa ameona kwamba wako vijana wengi, wanaume na wanawake, wanaotaka kusoma lakini hawana hata pesa ya chakula wala ya kununulia kitabu. Akaamua kufungua darsa za usiku, na kazi hiyo akampa Booker. Utaratibu ulikuwa hivi. Kijana alifanya kazi saa 10 mchana, wanaume kwenye kiwanda cha kupasulia mbao na wanawake kwenye udobi. Usiku alisoma saa 2. Mshahara wake ulizidi kidogo gharama ya chakula, na ile ziada hakupewa mkononi, iliwekwa katika hazina ya skuli kwa jina lake. Baada ya mwaka mmoja au miwili akiba ile ilimwezesha kuingia skuli ya mchana kama mwanafunzi kamili.

Walianza kiasi cha 12. Kengele ya kufunga ilipolia walikuwa hawataki kuondoka, wakimwomba mwalimu aendelee. Booker alipoona bidii yao akalipa darasa lile jina la sifa, darasa la mashujaa wasiokata tamaa, na kila aliyethibitisha bidii yake kwa muda alipewa cheti kilichochapwa chenye jina hilo. Wiki chache baadaye wakafika 25. Nawaomba wasomaji walitazame jambo hili kwa makini. Mtu akisoma usiku, aghlabu watu humwona kuwa ni wa daraja ya chini, aliyeshindwa. Booker aliigeuza ile aibu ikawa heshima, mpaka kijana akawa anaona fakhari kusema yumo katika darasa la usiku. Kwa fikra yangu cheti kile kilifanya kazi kubwa kama zilivyofanya zile pesa za hazina.

Mwaka 1881 watu wa mji wa Tuskegee, Alabama, walitaka mwalimu wa kuwaanzishia skuli. Waliosimamia jambo hilo walikuwa Lewis Adams, fundi wa bati aliyewahi kuwa mtumwa, na George Campbell, mfanyabiashara wa Kizungu aliyewahi kumiliki watumwa. Armstrong akampendekeza Booker, aliyekuwa na miaka 25. Alifika akitegemea kukuta jengo, akakuta hakuna. Serikali ya jimbo ilikuwa imetoa dola 2,000 kwa mwaka, na pesa hizo ni za mishahara tu. Alifungua skuli tarehe 4 Julai 1881 akiwa na wanafunzi 30 katika kibanda kibovu karibu na kanisa. Mvua iliponyesha mwanafunzi mmoja alisimama na mwavuli juu ya kichwa cha mwalimu mpaka asikilize masomo ya wengine.

Shamba la kuhamia lilipatikana kwa dola 500, na mweka hazina wa Hampton akamkopesha dola 250 za mwanzo kutoka mfukoni mwake. Banda la farasi na banda la kuku yaligeuzwa madarasa. Booker akaamua wanafunzi wajenge wenyewe, na kujenga kunataka matofali. Tanuri la kwanza liliharibika, la pili likaharibika, na la tatu likaporomoka karibu na kumaliza kuchoma. Hapakuwa na senti ya kujaribu tena. Akaichukua saa yake, akaenda mji wa Montgomery, akaiweka rahani kwa dola 15, akarudi kuwasha tanuri la nne. Hilo likafaulu. Muda wa kuikomboa saa ukapita na saa ikapotea, lakini matofali ya Tuskegee yakawa mazuri mpaka Wazungu wa jirani wakaja kuyanunua.

Mwaka 1884 akafungua darsa za usiku Tuskegee kwa mfano wa zile za Hampton, akianza na wanafunzi kiasi cha 12. Walifanya kazi ya ufundi saa 10 mchana na kusoma saa 2 usiku, na akiba yao ikawekwa. Aliyevumilia akahamia skuli ya mchana, ambako alisoma siku 4 za wiki na kufanya ufundi siku 2. Mwanzoni mwa karne iliyofuata walikuwa zaidi ya 400 katika darsa hizo.

Maisha yake ya nyumbani yalikuwa na majonzi. Mke wake wa kwanza, Fannie, alifariki mwaka 1884, mwaka ule ule wa darsa za usiku. Wa pili, Olivia Davidson, aliyekuwa mwalimu mwenziwe na aliyezunguka naye kutafuta pesa za skuli, alifariki mwaka 1889. Baadaye alimwoa Margaret Murray, ambaye ndiye aliyebaki naye mpaka mwisho.

Baada ya hotuba yake ya Atlanta mwaka 1895 jina lake likaenea. Chuo Kikuu cha Harvard kikampa shahada ya heshima mwaka 1896, na mwaka 1901 Rais Theodore Roosevelt akamwalika chakula cha usiku Ikulu, jambo lililowakasirisha sana Wazungu wa kusini. Lakini si weusi wote waliomkubali. Msomi W.E.B. Du Bois, katika kitabu chake cha mwaka 1903, alimlaumu kwamba aliwataka weusi washike kazi za mikono na kuacha kwa muda kudai kura na elimu ya juu. Lawama hiyo ina uzito. Katika miaka ile ile watu weusi wa kusini walikuwa wananyang'anywa haki ya kupiga kura na wengine wakiuliwa na makundi ya watu, na Booker mbele ya watu alizungumza kwa upole mno. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba kwa siri alikuwa akitoa pesa kugharimia kesi za kudai haki hizo. Msomaji atahukumu mwenyewe.

Alifariki Tuskegee tarehe 14 Novemba 1915, akiwa na umri wa miaka 59. Alizidiwa na maradhi akiwa New York, akataka arudishwe kusini afie nyumbani, na saa chache baada ya kufika akakata roho. Aliacha skuli yenye wanafunzi kiasi cha 1,500 na majengo zaidi ya 100.

Fikra zake zilifika kwetu mwaka 1924, pale tume ya Phelps-Stokes ilipozunguka Afrika Mashariki kuchunguza elimu, ikafika na Unguja. Ndani yake alikuwemo Dk. James Aggrey kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Mwaka uliofuata skuli ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, Kenya, kwa mfano uliotoka kusini mwa Marekani. Wakoloni walichukua zaidi upande wa jembe na useremala, kwa sababu uliwafaa. Lile jambo la hazina na la kumpandisha kijana kutoka usiku kwenda mchana hawakulishughulikia sana.

Sasa nije kwetu. Mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na skuli 3 za serikali na wanafunzi 909, wote wanaume. Nchi iliyoanza hapo isingeweza kudharau masomo ya usiku, na miaka michache baadaye darsa za watu wazima zilifunguliwa. Wengi wetu tuliorudi kutoka Unguja, Pemba na Bara miaka ile tulikuja na masomo yaliyokatika katikati, ama kwa mapinduzi, ama kwa safari, ama kwa lugha, maana Kiswahili na Kiingereza tulikuwa nacho lakini Kiarabu cha kuandika hatukuwa nacho. Katika ukarani wangu nilipokea fomu nyingi, na mahali pa kujaza kiwango cha elimu palikuwa pakiachwa patupu na watu wazima wenye akili na mikono mizuri. Nimewaona baadhi yao wakitoka kazini alasiri, wakila kwa haraka na kwenda darasani na madaftari kama watoto, na baada ya miaka pale mahali patupu pakajazwa.

Kwa hivyo nasema na wazazi wenzangu. Kijana aliyeacha skuli tumwachie mlango ambao saa zake zinalingana na saa za kazi yake. Milango hiyo ipo: hapa Oman zipo darsa za watu wazima mpaka darasa la 12, na kuna njia ya kusoma nyumbani na kwenda kufanya mtihani. Mshahara wake usimezwe wote na mahitaji ya nyumba na harusi za jamaa. Sehemu yake iwekwe kwa jina lake kwa ajili ya masomo, kama walivyofanya Hampton. Kaka au dada aliyesoma kwa jasho la mwenziwe akumbuke kuwa zamu ya mwenziwe ipo, kama Booker alivyomkumbuka John. Na sisi wazee tuache kugeuza mazungumzo anapotajwa. Mtu akituuliza kijana wetu yuko wapi, tuseme kwa sauti yuko kazini mchana, na usiku anasoma.

Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya elimu, na atupe sisi subira ya kuwangojea. Wassalaam.